Ubani Juu ya Redio

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Waliowahi kuishi nami nyumba moja wanajua. Lakini Jumatano ile ya mwaka hamsini na saba, nilipofungua mlango wa chumba cha ndani nikaona chetezo kimelala ubavu juu ya redio ya mume wangu, sikupiga kelele. Niliweka chini kikapu changu cha ukili wa mikeka, nikatoka uani, nikashika mchi nikatwanga kinu kitupu mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuuliza natwanga nini.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana ukianza kucheka sasa utanikosea.

Mume wangu Uweso alikuwa seremala hapa hapa Pangani, na kazi yake hasa ilikuwa kupiga vanishi. Kitanda alichokipaka yeye ungeweza kujitazamia uso. Redio ile ya betri kavu aliinunua sanduku lake limechubuka kila upande, akalikwangua lote, akalipaka upya, tabaka juu ya tabaka, kwa siku tisa. Alipomaliza akatuwekea sheria moja ya nyumba: juu ya redio hakiwekwi kitu. Si kikombe, si chemli. Mimi niliwahi kuweka kitana, nikasikia maneno tangu adhuhuri mpaka magharibi.

Kisha akaugua kifua. Wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa kifua, bara huko milimani, safari ya siku mbili, na sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja hajarudi. Miezi ya mwanzo alituandikia mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuoni, kwenye Kurani. Mavyaa wangu, Mwanamkasi, yaani mama yake mzazi, alizisoma barua zile kwa sauti, akilia hapa na kucheka pale. Halafu daktari akamkataza Uweso kunyanyua mkono. Alale chali, asifanye lolote. Tangu hapo barua zikawa zinaandikwa na mgonjwa wa kitanda cha pili, kijana wa misheni aitwaye Tadeo, kwa herufi za kizungu. Mavyaa herufi hizo hazijui. Mimi nazijua kwa kubahatisha, basi aliyetusomea ni Miraji, fundi cherehani anayeshonea barazani kwetu.

Hapo ndipo balaa ilipoingia nyumbani. Mavyaa aliishika barua ya kwanza ya Tadeo, akaigeuza huku na huku, akasema huu si mkono wa mwanangu. Tukamweleza habari ya daktari. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu, na ilipofika ya nne akatuambia wazi kwamba mwanawe amekufa na sisi tunamficha; Miraji anatunga na mimi naitikia. Nikamwomba basi aandike yeye, amuulize mwanawe jambo wanalolijua wawili tu. Akanijibu kwamba maiti haandikiwi barua. Kalamu yake ya mwanzi na kidau chake cha wino akavifungia kwenye kasha.

Akaacha kula ila vijiko viwili vitatu. Akaanza kuulizia siku ya kusoma hitima. Habari zikatoka nje, nami nikawa nikienda sokoni napewa pole. Wallahi hakuna kitu kinachochoma kama kupewa pole ya mume aliye hai. Wengine walinipa huku wananitazama kwa jicho la pembeni, kwamba huyu naye anaificha maiti ya mtoto wa watu ana lake jambo.

Basi wiki ile ikaja barua ya sita. Watu wa redio ya Dar es Salaam wamefika hospitalini na mashine ya kunasa sauti, wagonjwa wametoa salamu kwa jamaa zao, na Uweso ameinuliwa kwa mito miwili naye akasema zake. Salamu zitatoka Jumamosi saa kumi alasiri. Niliruka, sina haya ya kusema. Barua anaweza kuitunga Miraji, lakini sauti ya mtu nani ataitunga? Redio nyingine za mji niliozijua zilikuwa mbili, ya bwana mkubwa wa serikali na ya mkahawa wa sokoni, na mavyaa wangu hakuwa mwanamke wa kwenda kuketi mkahawani katikati ya wanaume. Ilikuwa yetu au hakuna.

Sasa sikia alichofanya. Yeye aliposikia kwamba sauti ya Uweso itatoka ndani ya sanduku, alikata shauri kwamba hiyo ni sauti ya marehemu, na marehemu hapokewi hivi hivi. Akangoja nimetoka kutafuta ukili. Akafunga madirisha, akatia makaa kwenye chetezo, akatia ubani konzi nzima, akakiweka juu ya redio. Kando yake, kwa kuwa chumba kimekuwa giza na macho yake mazito, akasimamisha mshumaa kwa nta yake yenyewe ili aone kusoma Yasini. Akasoma mpaka katikati. Mshumaa ukaisha, nta ikatiririka mbele kwenye kitambaa cha spika na nyuma kwenye matundu ya kupitisha hewa. Alipotaka kukitoa chetezo kikamuunguza, akakiachia, ubani ulioyeyuka ukamwagika juu ya sanduku ukashuka mpaka kwenye kile kifungo cha kuzungusha, cha kutafutia stesheni. Akajaribu kuupangusa na pindo la kanga yake, ukamganda kwenye kidole cha shahada, ngozi ikatoka.

Niliporudi ndani kutoka kwenye kinu nilimkuta amekaa kitandani ameficha mkono. Nilitaka kumwambia maneno, mwenzangu. Nilikuwa nayo tayari, yamejipanga. Nikauvuta ule mkono, nikatazama kile kidole, nikaenda kumletea ute wa yai. Nikamfunga kitambaa.

Kifungo cha kuzungusha kilikuwa kimeganda hakiendi kulia wala kushoto. Sindano ya stesheni ilikuwa imesimama mahali ambapo hapana kitu, kelele tupu. Nikachomoa betri. Nikajiambia: leo Jumatano, kesho Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi saa kumi. Redio hii itasema, hata kama nitailamba kwa ulimi.

Ushauri ulikuja bila kuitwa. Miraji alikuja na pasi yake ya mkaa imeshika moto, akasema nta kwenye nguo yeye huitoa kwa pasi na karatasi. Kweli, kwenye nguo. Kwenye vanishi pasi ingeinua malengelenge sanduku zima. Jirani akaja na chupa ya spiriti. Nikamwambia aiweke hapo chini na asiikaribie redio, kwa sababu vanishi ya Uweso huchanganywa na spiriti hiyo hiyo, nami nilikuwa nikimchanganyia kwa mikono yangu. Ukiimwagia, inarudi kuwa uji. Miaka saba nimekaa na yule mwanamume nikimshikia kopo. Walidhani nilikuwa nikitazama ndege?

Nilianza na nta ya juu, kwa sababu ndiyo nyepesi. Nta haitolewi ikiwa vuguvugu, ukiigusa inajipaka. Nikalowesha kitambaa kwa maji ya mtungi, nikakikamua sana, nikakilaza juu yake mpaka ikakauka ikawa ngumu. Kisha nikavunja kifuu cha nazi, nikasugua ukingo wake kwenye jiwe mpaka ukawa butu, nikaisukuma nta kwa kifuu hicho kidogo kidogo. Ikatoka vipande vipande. Kisu sikukishika. Utando uliobaki nikaufuta na kitambaa kilichoguswa mafuta ya taa kidogo tu.

Ubani ndio ulionitoa jasho. Ubani ukishayeyuka ukaganda ni gundi hasa, tena gundi yenye kiburi. Kwenye sanduku nikaupaka mafuta ya nazi yaliyopashwa, nikaweka kitambaa, nikauacha uoge mpaka alasiri, halafu nikausugua kwa kidole gumba, bila kucha, nikiongeza mafuta, nikifuta, nikirudia. Kifungo nacho nikakivuta taratibu kikachomoka. Hicho si mbao, wala hakina vanishi, basi chenyewe nikakizamisha kwenye bakuli la spiriti, ubani wote ukakiachia. Mwishowe juu ya sanduku pakabaki alama moja tu, duara jeupe la kitako cha chetezo, mahali moto ulipoila vanishi. Hiyo ilikuwa kazi ya Uweso, si yangu.

Nikarudisha kifungo. Nikazungusha. Kikasogea upana wa punje ya mchele, kikakwama. Nta ilikuwa ndani.

Alhamisi alfajiri nilimwamkia mavyaa shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ndogo. Nikaifunga redio kwenye kanga mbili, nikapanda basi la Muheza nimeipakata. Pangani hapakuwa na fundi. Muheza alikuwapo Noa, Mbondei, fundi wa saa na redio, kibanda chake nyuma ya wauza machungwa. Nikamkuta amekaa amejifunika blanketi juani, meno yanagongana, homa imemshika siku ya pili. Nikamweleza shida yangu. Akafungua mgongo wa redio, akachungulia, akasema nta imeingia kwenye vile vibati vyembamba vinavyopishana ukizungusha kifungo. Akanionyesha. Kweli, vibati vimepangwa kama kurasa za kitabu, na nta imevishika. Akanyoosha mkono ili avikaribie, ule mkono ukitetemeka, akaurudisha ndani ya blanketi.

Akaniambia niiache, nije Jumatano ijayo. Nikamwambia Jumatano ijayo mama mtu atakuwa amekwisha kumsomea hitima mtu aliye hai na kuwagawia watu pilau lake. Akasema, mama, kibati kimoja kikipinda hiyo redio haitashika stesheni tena, na mimi kwa mikono hii sigusi. Nikavua ushungi nikajifunga kiunoni.

"Fundi," nikamwambia, "macho unayo na mdomo unao. Mikono ninayo mimi."

Alinitazama kwanza. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia nasuka mikeka, ya miyaa myembamba, ile ya kuswalia. Akacheka ndani ya blanketi lake, akasema haya, kaa.

Akanipa petroli safi kwenye kifuniko cha chupa, unyoya wa kuku na chelewa mbili za ukuti nilizozichonga mwenyewe zikawa bapa nchani. Akaniambia mafuta ya taa humo marufuku, yanaacha uchafu. Akaniambia nikae mbali na jiko la wauza chai. Kisha tukaanza. Unyoya unachovya petroli, unagusa nta, unangoja inalegea. Chelewa inapita katikati ya kibati na kibati, inatoka na nta, unaifuta, unarudi. Noa alisogeza uso wake karibu mpaka joto la homa yake nikalisikia shavuni. Taratibu, alisema. Hapo umebana. Rudi. Vibati nilivihesabu na nikavisahau. Adhuhuri ikapita. Mgongo uliniuma nikaulaani, na mara moja mkono ulinichezea, kibati cha pembeni kikainama kidogo. Nikamtazama Noa. Akasema usikiguse kwa sasa, maliza vingine. Nikamaliza vingine, halafu akanielekeza nikirudishe kwa kukilaza chelewa ubavuni, bila kusukuma, kwa uzito wa chelewa tu. Kikarudi.

Nilipozungusha kifungo, vibati vikaingiana vikatoka bila kugusana. Noa akafumba macho. Akaniambia nisitie betri mpaka harufu ya petroli iishe kabisa, hata kama ni siku mbili, maana cheche moja itanilipulia nyumba. Nikamshukuru, nikamlipa, akarudi kulala.

Ijumaa sikutia betri. Niliiweka redio dirishani mgongo wazi, nikawa naenda kuinusa kila baada ya muda. Siku hiyo nilishughulika na kitambaa cha spika. Nta ilikuwa imekifanya kigumu, na nyuma yake kuna karatasi ya spika, ukikipasha moto ovyo nta inakwenda kuinywesha ile karatasi. Nikakifungua na ubao wake, nikakilaza juu ya karatasi ya kaki ya dukani, nyingine juu, nikapasha mgongo wa kijiko kwenye maji ya moto nikawa nakigandamiza, karatasi ikinywa nta, nikibadilisha karatasi. Mavyaa alikuja akasimama mlangoni. Akauliza kwa nini najisumbua hivi kwa ajili ya sauti ya maiti.

Hapo nilishindwa kujizuia. Nikamwambia, "Mama, mimi ni mke wake. Siku Uweso akifa nitajua, na nitavaa kaniki mwenyewe, hutanivisha wewe. Lakini leo sijafiwa, na Jumamosi utakaa hapa usikilize."

Sikuwahi kumjibu vile tangu niolewe. Yeye akageuka akaenda zake, na usiku nilipomwamkia hakuitika.

Jumamosi harufu ilikuwa imekwisha. Saa tisa na nusu nikatia betri. Taa ndogo ya kioo ikawaka. Nikazungusha: kelele, kelele, kisha Dar es Salaam ikaingia, safi, mtu anasoma bei ya mkonge. Miraji akaacha cherehani yake, akaegemea dirisha kwa nje. Nikaenda kumwita mavyaa. Nilimkuta amekwisha vaa, amejitanda, tasbihi mkononi. Alikaa kwenye kiti cha Uweso, uso ukutani, hakutaka kuitazama redio.

Salamu zikaanza. Mtu wa Korogwe, mtu wa Same, mwanamke mmoja aliyelia tu wakamwondoa. Kila mmoja alipewa muda mfupi sana. Halafu mtu akakohoa, na mavyaa akaacha kuhesabu tasbihi.

"Mimi ni Uweso Jumbe wa Pangani. Namsalimu mama yangu, Mwanamkasi. Mama, shikamoo. Pole na jino, nimeambiwa wameling'oa na umemtukana mng'oaji. Mimi sijambo, nakula. Namsalimu mke wangu Mwatumu. Mwatumu, usiweke kitu juu ya redio."

Basi. Akaingia mwingine, wa Lushoto.

Jino hilo liling'olewa wiki tatu tu nyuma. Mimi ndiye niliyemwambia Miraji aliandike kwenye barua yetu ya mwisho, pamoja na hayo matusi, ili mgonjwa acheke. Mavyaa alikuwa ameuweka mkono shavuni, pale penye pengo. Miraji huko dirishani akaanza kucheka, nami nikacheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Miezi kumi na moja namngoja, mwanamume anaokota maneno matano ya kuniambia mbele ya Tanganyika nzima, ananiambia nisiweke kitu juu ya redio. Nilimpenda siku ile mpaka nikataka kumpiga.

Mavyaa akainuka. Akaijia redio, akalitazama lile duara jeupe la chetezo, akalipitishia kidole chake kilichofungwa kitambaa, mzunguko mzima. Nikamwambia asijali, mama, nitatandika kitambaa cha kufuma hapo, Uweso hataona mpaka atakaporudi, na akirudi atalipaka.

Akaniambia, "Kitambaa nacho ni kitu."

Akaenda kwenye kasha lake. Nikasikia ufunguo, nikasikia akitupa nguo pembeni. Akarudi na kalamu ya mwanzi na kidau cha wino, na wino wenyewe umekauka kwa kufungiwa. Akaomba maji kidogo, nikampa, akaukoroga. Nikamwambia kidole kile hakijapona, aseme tu, Miraji ataandika.

"Miraji hajaunguza redio ya mtu," akasema. Akaketi sakafuni, akaweka karatasi juu ya goti, akaanza kuandika kutoka kulia.